Fonti ya Brashi Ipimwe kwa Herufi A

Majina ya mashua na majahazi ya Kilwa Kivinje na Lindi huandikwa kwa brashi na rangi ya mafuta, kwa herufi nene zinazofuata mkunjo wa mbao kuelekea omoni. Unene huo una kazi yake: jina lisomeke kutoka ufukweni, hata jua likiwaka na maji yakimetameta. Duka la Kilwa Masoko nalo huweza kutaka bango lenye nguvu hiyohiyo, na siku hizi mabango mengi hutengenezwa kwa kompyuta, kwa fonti zinazoiga brashi.

Fonti hizo zina historia. Mwaka 1942 Robert E. Smith aliibuni Brush Script kwa kampuni ya American Type Founders ya Marekani. Mwaka 1955 Mfaransa Roger Excoffon akatoa Choc, nene zaidi, yenye mistari inayovimba kama brashi iliyokandamizwa na kukonda kama iliyoinuliwa. Enzi hizo herufi zilisubiwa kwa madini ya risasi, kwa kawaida kila herufi ikiwa na umbo moja.

Umbo moja halikitoshi Kiswahili. Andika SALAMA au BARAKA: A ni tatu. Mchoraji wa mabango huanza ya kwanza brashi ikiwa imelowa, na ya tatu rangi ikipungua, kwa hiyo hazilingani kamwe. Fonti yenye A moja huzirudia tatu zinazofanana hadi kwenye mkwaruzo, na jicho hugundua mara moja kwamba hakuna mkono uliopita hapo. Dawa ipo. Mfumo wa fonti wa OpenType, uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, unaruhusu herufi moja kuwa na maumbo kadhaa yanayobadilishana yenyewe kadiri unavyoandika.

Jaribio la pili ni NG'ONDA. Alama ile ya juu (') ikiwa nyembamba kuliko herufi, hupotea kwa mbali, na neno husomeka vibaya.

Fonti nene ya brashi itumike kwa jina la chombo, la mgahawa, la tamasha: neno moja hadi matatu. Orodha ya bei, namba ya simu na namba ya usajili wa chombo ziandikwe kwa herufi nyoofu, kwani humo kosa la tarakimu moja lina gharama. Kwa stika ya kukatwa, chagua fonti yenye kingo laini. Kingo za mikwaruzo husumbua mashine, na vipande vyake vidogo huwahi kubanduka.

Wabunifu wa fonti wana sababu ya kuja pwani hii. Mchoraji aliyeandika majina ya vyombo kwa miaka mingi anaweza kuchora A kumi zisizofanana kwa muda mfupi. Zikipigwa picha na kugeuzwa fonti, kwa ridhaa yake na kwa malipo ya haki, Kiswahili kitapata herufi zilizochorwa kwa kipimo cha maneno yake.