Maboya ya Baharini Yanatuhusu Hata Sisi wa Bara

Yamkini msomaji atashangaa kuniona mimi, mkazi wa Rapsu katika nchi kavu ya Garbatulla, nikijishughulisha na maboya ya baharini. Kutoka hapa hadi pwani ni mamia ya kilomita, na wengi wa watoto wetu hawajaiona bahari ila vitabuni. Hata hivyo, nashikilia kwamba utunzaji wa maboya hayo unamhusu mfugaji wa hapa sawasawa na unavyomhusu mvuvi wa Lamu.

Sababu yenyewe ni mvua. Maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu yanapopata joto kupita kawaida, na yale ya karibu na Sumatra yakapoa, mvua za vuli aghalabu huzidi. Ndivyo ilivyokuwa katika mafuriko ya 1997 na ya 2019. Hali hiyo ikigeuka, kama ilivyogeuka mwaka 2022, mvua huadimika. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano mfululizo ilitunyima mvua, na mizoga ya mifugo ikatapakaa malishoni.

Satelaiti huona joto la uso wa bahari tu. Joto lililojificha chini hupimwa na vyombo vilivyomo majini, yakiwamo maboya yaliyotiwa nanga kwenye kina kirefu. Mtandao wa maboya ya namna hiyo, uitwao RAMA, ulianza kuwekwa katika Bahari ya Hindi mwaka 2004. Kila boya hupima upepo, unyevu na mvua, na pia joto la maji hadi kina cha mita 500, kisha hupeleka habari hizo kwa satelaiti.

Lakini boya halijitunzi. Chumvi hula vyuma, mwani na chaza hufunika vipimio, na wavuvi hufunga vyombo vyao hapo kwa kuwa samaki hupenda kukusanyika chini yake. Kwa hiyo yapasa meli iende kila mwaka kulibadilisha. Maharamia wa pwani ya Somalia walipotanda baharini, kazi hiyo ilikwama upande wetu wa magharibi. Na mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulizizuia meli bandarini.

Hata matajiri huteleza. Mwaka 2012 Marekani iliistaafisha meli iliyohudumia maboya yake yapatayo 55 katika Bahari ya Pasifiki. Kufikia mapema 2014, takwimu zilizopokelewa zilikuwa zimeshuka chini ya nusu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Serikali hupenda kuzindua vitu vipya, kwani uzinduzi una ngoma na hotuba. Kusugua chaza hakuna mpiga picha. Sisi tunaolima kwa kumwagilia twajua kwamba mfereji usiozolewa matope hauna tofauti na mfereji usiochimbwa.

Naonelea basi kwamba Kenya isingoje wageni watupimie bahari yetu. Taasisi yetu ya utafiti wa bahari, KMFRI, iliyoko Mombasa, inayo meli ya utafiti, Mtafiti. Wataalamu wake na wapewe fedha na mafunzo ya kushiriki katika kazi hii kila mwaka. Nanyi walimu wa jiografia, mnapofundisha habari za mvua, msikomee mawinguni. Wafikisheni wanafunzi hadi kwenye boya, na kwa fundi anayelisafisha.