Jina la Uzi Katika Kiini cha Kompyuta

Mtu wa Bujumbura akilikuta jina Ubuntu kwenye kioo cha kompyuta hahitaji kamusi, kwani neno hilo limo katika Kirundi chake: ni utu na ukarimu. Mfumo huo wa kuendeshea kompyuta ulitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, na kiini chake ni Linux. Lakini ndani ya kiini yamo majina mengine yasiyotangazwa, nayo ndiyo tunayoyakagua leo, ndugu askari.

Kiini huzigawa kazi zake katika mikondo iitwayo nyuzi. Mmojawapo ni kswapd0. Herufi k yasema kwamba ni uzi wa kiini. D, kwamba ni mlinzi wa zamu afanyaye kazi bila kuonekana. Katikati limo jukumu lake, kutafuta nafasi kumbukumbu inapopungua. Na 0 ni namba ya lindo lake. Ni kama kusoma beji kifuani.

Amri nazo zina majina. kthread_run huanzisha uzi. Kthread_stop huuamuru usimame. Hata hivyo uzi hauangushwi kwa nguvu: wenyewe hapana budi uulize, kwa kthread_should_stop, kama umepaswa kusimama, kisha uweke kazi chini na kuondoka, na mtoa amri husubiri hadi umetoka.

Jina likidanganya, je? Katika FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, amri kthread_create ilijiita ya uzi, kumbe iliunda mchakato mzima. Mchakato ni kikosi chenye kambi yake. Uzi ni askari mmoja kikosini. Kosa hilo lilivumilika hadi kiini kilipohitaji amri za nyuzi halisi. Ndipo katika toleo la 8.0, la mwaka 2009, amri za michakato zikapewa jina la kproc, na jina la kthread likarudishiwa nyuzi.

Nami nawasifu kwa jambo moja zaidi. Amri mpya ya kuunda uzi hawakuiita kthread_create, bali kthread_add. Kwa hiyo programu ya zamani, ikiita jina lile la kale, haipati wa kuitika, nayo hukataliwa wakati wa kuundwa, kabla haijaingia kiini na kupewa askari mmoja ilhali iliomba kikosi.