Waya wa Redio ya Upepo

Mawingu yakitanda na karafuu zi juani, neno moja la redio laweza kuokoa majamvi yote. Zikilowa huvunda na daraja hushuka. Basi wenye redio ya megahezi 27 tunawashauri wachague vema waya wa eriali.

Takeni waya wa omu 50. Wa televisheni ni wa omu 75. Kwa mita 30, mwembamba wa RG-58 hupoteza zaidi ya theluthi ya nguvu. Mnene wa RG-213 hupoteza kiasi cha sehemu moja kwa tano.

Adui mkubwa ni maji. Kiungo cha juu kizungusheni utepe wa mpira. Dirishani, waya uning'inie kwanza chini ya tundu, matone yaanguke nje. Wingu la radi likionekana mbali, uchomoeni mapema.