Gunia la Madini Katika Kaye ya Hesabu

Mwanafunzi wa mwaka wa 7 hapa Kolwezi anaweza kujaza kurasa nyingi za kaye, yaani daftari, kwa siku moja na asiwe amesoma hata ukurasa mmoja. Saa ya kwanza prof wa jiografia anaandika ubaoni, watoto wananakili. Saa ya pili prof wa biolojia anasoma imla polepole, anatamka hadi nukta na mkato, watoto wanaandika. Saa ya tatu naingia mimi. Jioni mzazi anafungua kaye, anaona mwandiko safi na vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari kwa biki nyekundu, anaridhika. Lakini mwombe mtoto huyo akueleze kwa maneno yake aya aliyoiandika asubuhi: ataanza kuikariri toka neno la kwanza, na ukimkatiza njiani itambidi arudi mwanzo.

Nafundisha hesabu pamoja na somo linaloitwa SPTTIC, yaani sayansi za fizikia, teknolojia na kompyuta, katika mwaka wa 7 na wa 8. Darasani nina watoto zaidi ya 60. Vitabu tulivyo navyo ni vichache, na vinalala kabatini kwa prefe, mkuu wa shule, visije vikapotea. Kwa hiyo simcheki mwenzangu anayesoma imla, kwani pasipo kitabu yeye ndiye kitabu. Ninacholalamikia ni kwamba kila andiko linalomfikia mtoto limeshatafunwa na mwalimu: limefupishwa, limepangwa, magumu yameondolewa. Mtoto hakutani na ukurasa mzimamzima wenye mafumbo yake hadi siku ya mtihani wa serikali, na siku hiyo hakuna wa kumtafunia.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliweka elimu ya msingi kuwa miaka 8: 6 ya primeri na 2 inayofuata. Miaka ya mwanzo mtoto wa huku hufundishwa kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinaingia kidogokidogo, na akifika mwaka wa 5 na wa 6 Kifaransa ndicho kimeshika darasa. Mwisho wa mwaka wa 6 unamngoja mtihani wa ENAFEP, mwisho wa mwaka wa 8 TENASOSP, na yote miwili inauliza kwa Kifaransa. Tangu Septemba 2019, serikali ilipotangaza primeri kuwa ya bure, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia shuleni, jambo la kushukuru. Lakini kuingia darasani na kujua kusoma ni mambo mawili. Benki ya Dunia inakadiria kwamba nchini kwetu watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma andiko fupi la kawaida wakalielewa. Hao ndio wanaonijia mwaka wa 7, wakiwa na miaka 12 au 13.

Katika primeri mwalimu ni mmoja. Akigundua kwamba mtoto amekwama kwenye sayansi kwa sababu ya kusoma, anaweza kusimama hapohapo akamsaidia. Mwaka wa 7 wanaingia maprof kibao, kila mmoja na saa yake, na kila mmoja anaamini kusoma ni kazi ya prof wa Kifaransa. Prof wa Kifaransa naye anafundisha hadithi na sarufi. Hakuna aliyemfundisha mtoto namna ya kusoma jedwali, au swali la hesabu, au mchoro wa pampu wenye mishale. Msomaji wa Dodoma au Tabora atalitambua jambo hili, maana Tanzania ukuta huohuo unamngoja mtoto kidato cha kwanza, anapotoka Kiswahili na kukuta masomo yote kwa Kiingereza. Wala si ugonjwa wa Afrika peke yake. Mwaka 1975 Uingereza, nchi ambayo watoto wake wengi walikuwa wakisoma kwa lugha ya mama zao, tume iliyoongozwa na Alan Bullock ilitaka kila shule iwe na mpango wa lugha unaogusa masomo yote, na kila mwalimu abebe sehemu yake. Ikiwa wao walilihitaji hilo, sisi tunaosomesha kwa lugha ya pili au ya tatu tunalihitaji maradufu.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu maneno matupu hayajamsaidia mwalimu yeyote.

Swali lenyewe ni hili, nalileta kwa Kiswahili: gunia la madini lina uzito wa kilo 60. Unyevu wake ni asilimia 5. Baada ya kukaushwa, madini hayo yana shaba asilimia 20. Gunia hilo lina kilo ngapi za shaba?

Watoto wangu ni wa Kolwezi. Wengi wana baba, kaka au mjomba anayechimba au kubeba magunia. Wanajua kwamba kwenye depo mnunuzi anaelekeza kimashine wanachokiita Metorex kwenye madini, inatoka namba, na namba hiyo ndiyo bei. Asilimia wanaijua kuliko watoto wa mji wowote. Hata hivyo nilipoliandika swali kwa Kifaransa, wengi walijumlisha 5 na 20 wakapata 25. Wengine walichukua asilimia 20 ya kilo 60, wakaandika 12. Na kijana mmoja aliinua mkono kabla hajamaliza mstari wa kwanza: “Madamu, iko ya plus ao ya moins?” Yaani, ni ya kujumlisha au ya kutoa?

Swali hilo la kijana husikika katika kila darasa la hesabu toka hapa hadi Likasi. Mtoto anaona namba tatu, anataka kuambiwa azifanyie nini. Maneno yaliyozizunguka kwake ni pambo.

Siku hizi tunalisoma swali mara tatu, na mara ya kwanza nazifunika namba. Naandika ubaoni: gunia lina uzito fulani, lina unyevu kiasi fulani, likikaushwa shaba ni kiasi fulani. Tunasimuliana kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha Katanga, nani anafanya nini na gunia. Hapo ndipo mtu wa safu ya nyuma anasema kwamba maji hayalipwi, lazima yatoke kwanza. Mara ya pili tunatafuta kinachoulizwa: si uzito wa madini, ni uzito wa shaba. Mara ya tatu namba zinafunuliwa, na kila mtoto anaweka kidole kwenye maneno yanayoonyesha utaratibu, yale ya “baada ya kukaushwa”. Asilimia 20 inahesabiwa juu ya kilichobaki. Kilo 60 kutoa 3 zinabaki 57. Asilimia 20 ya 57 ni kilo 11.4. Kisha, na hili nalisisitiza, wanaandika jibu kwa sentensi kamili ya Kifaransa, maana mtihani hautawauliza kwa Kiswahili.

Kazi hiyo inakula nusu saa kwa swali moja. Mkaguzi akiingia atasema nimechelewesha programu. Tunayamaliza maswali machache zaidi kwa muhula, sibishi, ila idadi ya wanaoyapata imepanda, na ile ya “plus ao moins” imepungua hadi mimi mwenyewe nimeikumbuka.

Wazazi wananiuliza kwa nini narudi kwenye Kiswahili wakati wao wanataka Kifaransa. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alilieleza hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970: mtoto huweza kuzungumza lugha ya pili na wenzake baada ya miaka kama 2, lakini lugha ya vitabu humchukua miaka 5 au zaidi. Ndiyo maana mtoto anayetania kwa Kifaransa uwanjani anaweza kuwa bubu mbele ya kitabu cha fizikia. Kiswahili kinamsaidia ajue gunia limefanywa nini. Akishajua, Kifaransa cha swali kina mahali pa kushika.

Kwenye sayansi usomaji una sura nyingine kabisa. Barabara ya Kolwezi kwenda Likasi inapitiwa na malori ya asidi ya salfa mchana na usiku, kwa sababu viwanda vya shaba na kobalti vinaitumia kuyeyusha madini. Nyuma ya tangi pana kibao cha mraba kilichosimama kwa pembe: mirija miwili inamwaga matone, moja linakula kipande cha chuma, jingine linakula mkono. Februari 2019 lori la asidi liligongana na magari mengine, watu wengi wakafa. Nilichora kibao hicho ubaoni bila kuandika neno, nikawauliza kinasema nini. Karibu wote walikuwa wamekiona mara nyingi, lakini wachache sana waliwahi kukisoma. Baada ya hapo somo la asidi lilijiendesha lenyewe. Tulichukua maelezo ya kitabu juu ya kuchanganya asidi na maji, tukatafuta sentensi inayotoa amri na sentensi inayotoa sababu. Amri ni kumimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Sababu ni joto kali linalozaliwa, linaloweza kuyachemsha maji papo hapo na kuirusha asidi usoni. Mtoto anayekariri amri bila kuiona sababu ataigeuza siku ya haraka.

Jiografia nisiiguse sana, si yangu, ingawa namwonea wivu mwenzangu: ramani ina ufunguo na kipimo, na mto Lualaba uko hapo, unawekwa kidole.

Historia ndiyo imenishangaza. Mwenzetu alileta kurasa chache za André Yav, aliyeandika mwaka 1965, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, jinsi watumishi wa nyumbani walivyoiona. Mtaalamu Johannes Fabian aliitoa upya mwaka 1990. Maandishi yake hayafuati nukta wala herufi kubwa kama za shule. Ukiyasoma kimya unapotea, ukiyatamka yanajipanga. Watoto waliyasoma kwa sauti wawiliwawili. Kisha prof akauliza: huyu anayesema ni nani, alikuwapo au alisikia, na bwana wake angeandika vipi jambo hilohilo? Maswali hayo matatu ndiyo usomaji wa historia, na hayapatikani kwenye maelezo ya imla yasiyo na mwandishi.

Usomaji hauishii darasani. Baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya madini. Enzi hizo nyumbani kwa mfanyakazi karatasi haikukosekana: lilikuja gazeti la kampuni, Mwana Shaba, lililoanza tangu siku za Union Minière, kampuni iliyoitangulia, mwaka 1957. Leo karatasi zinazoingia nyumba za wanafunzi wangu ni za aina nyingine: bili ya umeme, matokeo ya zahanati, na katika mitaa iliyobanwa na machimbo, barua za délocalisation, yaani za kuhamishwa, zenye hesabu ya mita za mraba, miti ya matunda na franka za fidia. Mara nyingi msomaji pekee wa nyumba ni mtoto wa miaka 13. Jirani yangu alikuja na barua kama hiyo, binti yake ameshaisoma yote vizuri kwa sauti, Kifaransa cha kunyooka. Nilimuuliza binti: mna siku ngapi za kupinga hesabu hii? Hakujua. Ilikuwa imeandikwa kwenye aya ya mwisho, na aliisoma.

Wenzangu wakiniambia usomaji si kozi yao, nawasimulia kisa hicho.

Muhula huu nimeanza kuwaandikisha watoto wenyewe maswali, wapeane. Ya kwanza yalikuwa mepesi, namba zimepangwa kwa kufuatana na swali liko mwisho. Halafu msichana mmoja, ambaye mama yake anauza makala, yaani makaa, akaleta hili: Mama amenunua gunia 4 za makala, kila moja franka 30,000. Atapata faida gani akiuza kila gunia 38,000, ukijua kwamba usiku mvua imelowesha moja na hakuna aliyelinunua? Karibu darasa zima likaandika faida ya franka 32,000. Kumbe magunia 3 yaliyouzwa yameleta 114,000, na mama alitoa 120,000. Hakuna faida, kuna hasara ya 6,000.

Kelele zikawa kubwa, wakadai amewadanganya. Nikamuuliza kwa nini ameuliza faida mapema hivyo na mvua akaileta mwishoni.

“Juu basome yote, Madamu.”