Isaiah Montgomery: Mkulima aliyejenga mji, akaunga mkono weusi wenzake wanyimwe kura

ISAIAH Montgomery alizaliwa mtumwa mwaka 1847 katika shamba la pamba la Davis Bend, kando ya Mto Mississippi, nchini Marekani. Bwana wake, Joseph Davis, alikuwa kaka mkubwa wa Jefferson Davis, aliyekuja kuwa Rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa.

Baada ya vita kumalizika mwaka 1865, lilitokea jambo la nadra. Davis aliuza mashamba yake kwa aliyekuwa mtumwa wake, Benjamin Montgomery, baba mzazi wa Isaiah, kwa mkopo wa dola 300,000 pamoja na riba. Familia iliyaendesha kwa ustadi, lakini mafuriko, wadudu na kuporomoka kwa bei ya pamba viliishinda. Benjamin alifariki mwaka 1877, na baadaye ardhi ikarejea kwa ukoo wa Davis.

Isaiah hakukata tamaa. Mwaka 1887, yeye na binamu yake, Benjamin Green, walinunua ardhi ya kampuni ya reli kwenye misitu na vinamasi, wakaanzisha mji wa Mound Bayou. Kampuni ilitaka wakulima watakaolipatia treni lake mizigo. Wao walitaka mahali ambapo mtu mweusi angemiliki shamba na kujitawala. Walowezi wa kwanza waliuza magogo kabla ya kuvuna pamba. Mji uliposajiliwa mwaka 1898, Montgomery ndiye aliyekuwa meya.

Lakini kuna doa lisilofutika. Mwaka 1890 Mississippi iliitisha mkutano wa kuandika katiba mpya, na kati ya wajumbe 134, yeye peke yake alikuwa mweusi. Lengo halikufichwa: kuwaengua weusi, waliokuwa wengi jimboni, kwa kodi ya kura ya dola mbili na jaribio la kusoma au kueleza katiba.

Montgomery alisimama akaunga mkono, akitumaini kwamba weusi wakiachia kura wangeachwa walime kwa amani. Frederick Douglass, mtetezi mashuhuri wa weusi, aliuita uamuzi huo usaliti. Ni vigumu kumpinga Douglass, ingawa yeye hakuishi Mississippi, walikouawa weusi kwa sababu ya kura.

Mound Bayou iliendelea kuchagua meya wake. Weusi wengi wa jimbo hilo hawakupiga kura za taifa hadi ilipopitishwa sheria ya mwaka 1965, miaka 41 baada ya Montgomery kufariki.