Bosi Akija Ghafla

Tarehe 6 Novemba 2015, siku moja tu baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli wa Tanzania alitoka Ikulu kwa miguu akaingia Wizara ya Fedha bila taarifa. Akakuta viti vitupu. Siku tatu baadaye alikuwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, wagonjwa wakiwa wamelala sakafuni na mashine ya MRI haifanyi kazi. Kaimu mkurugenzi wa hospitali akaondolewa. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki. Nani hajaambiwa "njoo kesho"?

Watumishi wakaanza kuwahi kazini. Hapo amri na adhabu hufaulu, kwa sababu mahudhurio huonekana kwa macho. Hata vyeti vya kughushi, vilivyokutwa kwa watumishi 9,932 mwaka 2017, havikuhitaji falsafa ya uongozi. Vilihitaji uhakiki.

Kazi isiyoonekana ndiyo yenye taabu, yaani kuamua. Tazama jalada linavyopanda. Ofisa ana mamlaka ya kuidhinisha ombi, lakini anaandika dokezo: "Naomba maelekezo." Mkuu wa sehemu anaongeza: "Nakubaliana naye, naomba mwongozo wako." Mkurugenzi naye analisukuma kwa katibu mkuu, na mwenye ombi bado yuko kwenye benchi la mapokezi. Hawa si wavivu. Wamepiga hesabu: asiyeamua hafukuzwi kazi, anayeamua akakosea hutumbuliwa mbele ya kamera.

Watafiti James Perry na Lois Wise waliandika mwaka 1990 kwamba wapo wanaoingia utumishi wa umma kwa hamu ya kuhudumia watu, si mshahara tu. (Mshahara nao una neno lake, hamu hailipi kodi ya nyumba.) Hamu hiyo hunyauka mtu akigeuzwa mpeleka majalada. Wachumi Imran Rasul na Daniel Rogger walichunguza miradi zaidi ya 4,700 ya serikali ya Nigeria: maofisa walipopewa uhuru zaidi wa kuamua, miradi iliyokamilika iliongezeka, walipobanwa zaidi kwa ufuatiliaji na zawadi za utendaji, ilipungua.

Ukaguzi wa ghafla ubaki kwa wezi na watoro. Nawe uliye mkuu wa idara, pitia majalada yaliyo mezani kwako leo. Lile ambalo ofisa wako alikuwa na mamlaka nalo, mrudishie aliamue, na umwandikie humo humo kwamba akikosea kwa nia njema utasimama naye.