Bakteria wa Kibaha: bidhaa hai, mteja mgumu

Wakulima wengi hulihusisha neno bakteria na maradhi, kama mnyauko wa nyanya au kuhara kwa watoto, wakisahau kuwa ndio hao hao wanaogandisha mtindi. Kibaha, mkoani Pwani, wamegeuzwa kuwa biashara. Kiwanda cha Tanzania Biotech Products, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), kilizinduliwa mwaka 2015 kwa teknolojia ya Cuba, kikiwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni 6 za viuadudu kwa mwaka.

Bakteria ni kiumbe wa seli moja, isiyo na kiini kilichozungushiwa utando kama seli ya mmea au mnyama. Hahitaji dume wala jike, hujigawa tu. Wenye kasi hutumia dakika 20 hivi wakipata chakula na joto. Mmoja akianza saa moja asubuhi, saa nane mchana wanaweza kuwa zaidi ya milioni 2. Hakuna mfugaji wa kuku mwenye faida ya namna hiyo!

Wanaotumika Kibaha ni Bacillus thuringiensis israelensis, aliyegunduliwa Israel mwaka 1976, na Bacillus sphaericus. Chakula kikiisha hutengeneza mbegu ngumu pamoja na protini ambayo, kiluwiluwi wa mbu akiimeza, huyeyuka tumboni mwake na kumtoboa utumbo. Watu na mifugo hawadhuriki.

Ugumu uko sokoni. Dawa hii haidumu. Jijini Dar es Salaam, mpango ulioanza mwaka 2004 ulilazimika kupulizia madimbwi ya wazi kila wiki. Sphaericus hustahimili zaidi maji machafu, lakini mbu wa malaria hupenda maji safi. Tena mnunuzi mkuu si mkulima, ni halmashauri. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliziagiza zinunue. Ila agizo ni kitu kimoja, fungu la bajeti ni kingine.

Kwa maoni yangu, halmashauri za Kibaha na jirani yake Kisarawe zisipige hesabu ya bei ya lita peke yake. Masika hujaza madimbwi wakati ule ule wa palizi. Mkulima wa Kisarawe akilala na homa wiki moja, magugu hayamsubiri, na kibarua wa kumpalilia hudai fedha taslimu. Gharama hiyo haimo kwenye kitabu cha halmashauri yoyote.